Isaka wa Limbu

Kanisani kwa Mchungaji Justine, pale Bariadi mjini, kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia huwa kuna Jumapili ya Isaka. Siku hiyo muumini hupeleka madhabahuni kitu anachokipenda kuliko vyote, kama Ibrahimu alivyompeleka mwanawe mlimani, na kwa namna ya ajabu watu wa Mungu hujikuta wanapenda kuliko vyote vitu vilevile ambavyo mchungaji hana. Mwaka aliokuwa akitembea kwa miguu, Roho alimgusa kijana mwenye pikipiki. Mwaka aliokuwa akijenga, Roho aliwagusa wenye mabati. Mwaka huu mke wa mchungaji alikuwa amejifungua mapacha, na yaya wao alikuwa ametoroka kurudi kwao Mwanhuzi bila hata kuaga.

Salu aliyajua yote hayo, ila hakuyaunganisha. Alikaa upande wa akina mama, kilemba kipya kichwani, moyo wake umetulia, kwa sababu kwake siku hiyo haikuwa ya Isaka, ilikuwa ya Joyness. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi Mwanza, wa kwanza kufika huko katika ukoo wao wote kule Sapiwi, na mumewe Limbu alikuwa amesema, "Tupite kanisani aombewe, halafu tumsindikize stendi." Asubuhi Joyness alilifunga tranka lake mwenyewe nyuma ya pikipiki ya baba yake. Alilitikisa, akaona bado linacheza, akaukaza mpira tena. Msichana wa watu alibeba kuni za kumchomea yeye mwenyewe, huku anaimba.

Limbu alikuwa mzee wa kanisa, na cheo hicho hakukivua hata akienda kukoga. Zamu yake ilipofika alisimama, akamshika Joyness mkono, akapokea kipaza sauti. Alisema wenzake wameleta mali, na mali ni kitu cha kupita. Lakini yeye, Bwana alimtaka alete damu yake. Kisha akauweka mkono wa binti yake juu ya mkono wa mchungaji, akatamka, "Isaka wangu ni huyu. Atumike nyumbani mwa Bwana."

Nyumbani mwa Bwana, kama ilivyotokea, palikuwa nyumbani kwa mchungaji, nyuma ya kanisa, ambako nepi zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba.

Kanisa zima lilipiga vigelegele. Salu naye alipiga, Mungu amsamehe, kwa sababu alidhani ni mfano tu wa kuhubiria na kwamba sasa hivi atasikika malaika na mtoto atarudishwa kwenye benchi. Alingoja. Wakaimba, wakatoa matangazo, wakafunga kwa sala. Alipotoka nje, wahudumu wa kanisa walikuwa wameshalishusha tranka na kulipeleka uani.

Huko Sapiwi, Limbu alishuka kwenye pikipiki akaenda moja kwa moja zizini kulitazama dume lake. Lilikuwa dume jekundu, lenye pembe ndefu, alilolifuata mnadani Itilima, na kila mgeni aliyefika nyumbani kwake alionyeshwa kwanza dume, halafu ndipo akaribishwe kiti. Lilipougua mwaka uliopita Limbu aligoma kula. Salu alimkuta akilikuna chini ya shingo, anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

"Kama ni kutoa unachokipenda," alimwambia, "mbona hili liko hapa?"

"Dume ni mali, Salu. Mungu hataki mali."

"Pikipiki alipokea."

Limbu alihamia upande wa pili wa dume. "Ibrahimu hakuuliza maswali," alisema. "Aliamka asubuhi akaenda. Na mwisho wake alirudishiwa mtoto. Nasi tutarudishiwa, tena na baraka juu yake."

"Kwa hiyo umemtoa huku unajua utarudishiwa."

"Hiyo ndiyo imani."

"Hiyo ni kuazimisha," Salu alisema. "Na chuo kinafungua wiki hii. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Huyo atakayepewa, naye atakurudishia?"

Limbu alimwambia kwamba anasema kwa mwili, si kwa roho. Ni jibu zuri sana hilo kwa mtu asiye na jibu. Salu alimwacha hapo na mpenzi wake mwenye pembe.

Kesho yake alienda kwa mchungaji. Alikaribishwa sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa, akaletewa soda, na aliyeileta alikuwa Joyness, mikono imesinyaa kwa maji ya sabuni, macho chini. Mchungaji Justine alikuwa mtu wa sauti laini, aliyekuja Simiyu kutoka mkoa mwingine, mwembamba akija, na sasa shingo yake ilikuwa imeanza kugombana na kola. Hakukasirika hata kidogo. Alimfungulia Biblia.

"Mama, hii ni Mwanzo ishirini na mbili. Ibrahimu yupo. Isaka yupo. Watumishi wapo, hata punda yupo. Sara yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo," mchungaji alisema kwa kuridhika. "Roho alimwacha nje kwa makusudi. Moyo wa mama ni kizuizi."

"Hayupo kwa sababu hawakumwambia," Salu alisema. "Wangemwambia, sura hiyo isingeandikwa."

Mchungaji alicheka kwa upole, akasema watamwombea. Chumbani pacha mmoja alianza kulia, kisha na mwenzake, na sauti ya mke wa mchungaji ikaita, "Joyness, hebu njoo huku." Madhabahu ilikuwa inamwita mtumishi wake.

Salu alimfuata binti yake bombani. Alimwambia achukue tranka waondoke sasa hivi, kwa mlango wa nyuma kama lazima. Joyness aliendelea kusuuza nepi.

"Mayu, baba alisema mbele ya kanisa zima. Nikiondoka ataonekana amemdanganya Mungu. Watamcheka mpaka wachoke."

"Acha wamcheke."

"Ni baba yangu. Kama amenitoa mimi na inamuuma, nami nikamwaibisha juu yake, nitakuwa mtu gani?" Alikamua nepi, akaitundika. "Nadhani inamuuma. Hasemi tu."

Salu alitaka kulia kwa hasira. Angekuwa amelea mtoto mkaidi, kazi ingekuwa nyepesi. Alikuwa amelea mtoto mwema, na mtoto mwema ndiye anayefungika kirahisi kuliko wote. Huhitaji hata kamba.

Alijaribu serikali. Ofisini alikuwepo Gregory, afisa maendeleo ya jamii, mtu wa Bukoba aliyekaa seminari miaka mingi kabla ya kugundua kwamba anaipenda pia dunia. Salu alimweleza habari yote. Macho ya Gregory yalichangamka; yaelekea tangu ahamishiwe Bariadi hakuna aliyewahi kumletea swali la namna ile, watu walimletea vikundi vya vikoba tu.

Alisogeza kiti, akaeleza. Wapo wanaosema Ibrahimu alijaribiwa utii, akafaulu. Wapo wanaosema mataifa ya wakati ule walichinja watoto wao kwa miungu, kwa hiyo maana ya habari ile haiko kwenye kisu kilichoinuliwa, iko kwenye kisu kilichozuiwa. Mungu alikuwa anawafundisha watu wake waache. Wengine, na hapa alishusha sauti kana kwamba askofu yuko koridoni, wanasema Ibrahimu alishindwa mtihani. Mungu alitaka akatae. Mtu huyohuyo alibishana na Mungu mpaka mwisho kwa ajili ya watu wa Sodoma, wasiomhusu. Alipoambiwa mwanawe, kimya.

"Aliwatetea majirani," Salu alisema polepole. "Mtoto wake hakumtetea."

"Umeelewa vizuri sana, mama."

Kwa muda Salu alihisi amepata mtu. Neno lile lilimwingia mahali palipokuwa pakimuuma, akaona kwamba mbele yake ameketi mtu anayeona anachokiona yeye, tena mwenye muhuri. Akamuuliza, "Basi utakuja lini kumtoa?"

Gregory alirudisha kiti nyuma. Alisema binti ni mtu mzima kisheria. Alisema hajalalamika. Alisema mambo ya imani yana unyeti wake, na kwamba mchungaji yule huombea vikao vya wilaya. Wakati huo bwana mifugo alikuwa ameingia kuomba chaji ya simu, Mwislamu wa Tanga mwenye utani mwingi, naye alikuwa amesikia ya kutosha. Alisema katika Kurani baba alimweleza kijana ndoto yake kwanza, akamuuliza anaonaje, na kijana mwenyewe akasema baba fanya ulivyoamrishwa. Gregory akasema hilo ndilo linalozidisha tatizo, kwa sababu ridhaa ya mtoto mbele ya baba ni ridhaa gani. Bwana mifugo akasema, kwanza hata si Isaka. Gregory akavua miwani. Salu aliwaacha wakiulizana ni mtoto yupi, wote wawili wana furaha, na hakuna aliyeona kwamba ametoka.

Njiani alijiambia kwamba kila mtu ana maelezo ya yule kijana wa kwenye kuni, na hakuna hata mmoja mwenye nia ya kumfungua. Wanazunguka wakimtazama: huyu anasifu fundo, yule anasoma moshi. Alichoka nao, wazuri na wabaya. Akaamua kumtafuta mtu asiyemjua Ibrahimu kabisa.

Mtu huyo alikuwa Ndalahwa, mtemi wa sungusungu wa Sapiwi, mkuu wa walinzi wa jadi. Salu hakuwahi kumstahi. Alikuwa mzee mpenda faini, kwa sababu mnyama wa faini huchinjwa palepale na wazee wakamla. Aliwahi kumtoza mtu mbuzi kwa kosa la kucheka msibani. Lakini Sapiwi nzima ilimwogopa. Aliyetengwa na Ndalahwa hapewi moto wala maji, hasalimiwi, haji mtu kumsaidia kuvuna pamba, na anayekwenda kwake hutengwa naye.

Alimkuta anakarabati kigoda chake. Akapiga goti.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Habari za kwako?"

Salu alikuwa amejiandaa njia nzima, na bado ulimi ulikuwa mzito. Jambo alilotaka kusema likishatoka halirudi. Joyness angelibeba popote atakapokwenda, kwa watu wa Sapiwi angekuwa binti aliyewahi kulala kwa mwanamume. Alipima aibu hiyo na ile nafasi ya chuo. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha wazi ili kisije kikapotoshwa, "Binti yangu analala kwenye nyumba ya mwanamume Bariadi. Zizi letu halijapokea hata ndama. Na baba yake ndiye aliyempeleka."

Hakutaja mlima, wala madhabahu. Ndalahwa aliweka kigoda chini taratibu. Usoni mwake Salu aliona hasira ya kweli, na nyuma ya hasira akaona nyama.

Jumamosi wazee walikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mchungaji Justine alikuja bila kusukumwa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba asipofika hakuna mtu wa Sapiwi atakayekanyaga kanisani kwake tena, na Sapiwi ilikuwa nusu ya sadaka yake. Alikuja na gari la kuazima. Alikuja na Joyness. Alikuja pia na tranka, jambo lililoonyesha kwamba Roho alikuwa ameshamwambia kikao kitaishaje.

Aliomba aanze kwa neno, wakamruhusu. Akaisimulia habari ya Ibrahimu vizuri sana, na wazee, ambao wengi hawakuwahi kuisikia, waliisikiliza kwa makini yote. Alipofika kwenye kisu walishika tama. Alipofika kwenye kondoo aliyenaswa kichakani walipumua.

"Na yule kondoo," Ndalahwa aliuliza, "nani alimla?"

"Hakuliwa, mzee. Aliteketezwa kwa Bwana."

"Kondoo mzima?"

"Mzima."

Wazee walinung'unika. Jambo la mtoto walikuwa tayari kulifikiria, lakini la kondoo liliwakera waziwazi.

"Sasa tuje kwako," Ndalahwa alisema. "Umeoa, au umeiba?"

"Sikuoa wala sikuiba. Nimepokea sadaka."

"Sadaka inalala wapi?"

Mchungaji alikohoa. "Nyumbani kwangu. Na watoto."

"Kwako. Basi kwetu sisi umeoa bila ng'ombe. Walete, pamoja na wa faini, halafu endelea kusali."

Ilikuwa ajabu kuona imani ikibadilika mbele ya macho ya watu, tena kwa mtu aliyesoma. Mchungaji Justine alisema kwamba kwa kweli yeye hakumwomba mtu mtoto wake. Limbu ndiye aliyemleta, mbele ya watu, na yeye alimpokea kwa huruma tu ili asimvunje moyo. Alisema binti huyu hapa, na tranka lake hili hapa, halijapungua kitu. Alisema alikuwa na mpango wa kumrudisha tangu zamani. Ule ulikuwa mlima wake wa Moria, na alishuka akikimbia.

"Basi kosa limebaki la mtu mmoja," Ndalahwa alisema, akamgeukia Limbu. "Umegawa binti wa ukoo bila kuuambia ukoo. Ng'ombe wa faini huchaguliwa na wazee. Nendeni."

Vijana wa sungusungu walikwenda. Limbu alikuwa amekaa amenyooka, Biblia magotini, uso wa mtu anayeteswa kwa ajili ya haki. Alikaa hivyo mpaka waliporudi wakivuta kamba, na mwisho wa kamba lilikuwa dume jekundu.

Limbu alisimama, Biblia ikaanguka. Alisema si huyo. Alisema wachukue majike, wachukue hata mawili, wachukue maksai wa kulimia. Walipompita alilishika dume shingoni kwa mikono yote miwili, na mzee wa kanisa, mbele ya mchungaji wake, mkewe na kijiji kizima, akaangua kilio. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Mwacheni," alisema. "Huyu ndiye roho yangu. Sina kingine mimi, mwacheni."

Vijana walimbandua, kidole kimoja baada ya kingine, wakalipeleka dume nyuma ya ghala. Salu alikuwa ameota kwa siku kadhaa kumwona mumewe akiumia hivyo, na sasa alipomwona hakupata ladha yoyote, alipata kinyaa tu. Akamtazama Joyness. Msichana alikuwa amesimama kando ya tranka, hajasogea, anamwangalia baba yake kama mtu anayesoma kitu kirefu na hataki kuruka mstari.

Mchungaji Justine ndiye aliyeokoa hali, maana kazi yake ilikuwa hiyo. Alimwinua Limbu, akamfuta vumbi, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Ndugu yangu, huoni? Mnyama badala ya mtoto. Bwana amejipatia mwenyewe."

Ilichukua muda kidogo, lakini ilimwingia. Limbu alijifuta uso kwa kiganja, akavuta kamasi, na polepole uso wa mzee wa kanisa ukarudi mahali pake. "Kweli," alisema. "Kweli kabisa. Nilijaribiwa, nami nimeshinda." Akamwendea Joyness amenyoosha mkono. "Twende nyumbani, mwanangu. Kesho utasimama nami kanisani nishuhudie."

Joyness aliutazama mkono huo.

"Baba," alisema, bila kupandisha sauti, "siku ile uliponikabidhi nilikuangalia machoni. Yalikuwa makavu. Nikajiambia labda imani ndiyo inayoyakausha, kwamba unaumia kwa ndani. Nimefua nepi za watu wiki nzima kwa ajili ya hayo maumivu yako ya ndani."

"Mwanangu, wewe hujui..."

"Isaka wako wanamchuna pale nyuma ya ghala. Nenda kashuhudie hapo."

Aliinama akashika mkono mmoja wa tranka. Salu akashika wa pili. Chuo kilikuwa kimeshafungua, na huenda nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine, lakini hilo wangeliuliza Mwanza, mlangoni, kwa wenye chuo. Walitoka uwanjani wakielekea barabara kuu, tranka likiwagonga miguu, na Ndalahwa akawaita kwa sauti ya ukarimu wasubiri fungu lao la nyama. Hawakugeuka.